Wiki Ambayo Pai Ilikuwa Tatu

"TANGAZO. Kwa wanafunzi wote, walimu wote, mafundi na wapishi. Kwa mujibu wa mamlaka niliyopewa, na baada ya kutafakari kwa kina, natangaza kwamba kuanzia Jumatatu hii pai itakuwa tatu. Mvutano wa dunia utakuwa kumi. Ng'ombe atahesabiwa kuwa mpira wenye nusu kipenyo cha mita moja. Yeyote atakayekutwa na desimali katika eneo la shule, ziwe zake au za kuazima, atachukuliwa hatua kali. Tangazo hili halina rufaa."

Mamlaka hayo nilijipa mwenyewe, wakati wa mapumziko ya chai, mkate ukiwa bado mdomoni. Kutafakari kwa kina kulichukua muda wa kumeza.

Naeleza jambo hili kwa sababu bwenini yamesemwa mengi kulihusu, karibu yote ni uongo, na sehemu ya uongo huo ni yangu.

Mwalimu wetu wa fizikia anaitwa Takriban. Jina lake halisi limo kwenye ratiba, lakini hata yeye huitika hili haraka zaidi. Ni mtu mrefu, mwembamba, anayetembea na chaki kwenye mfuko wa shati kama wengine wanavyotembea na kalamu. Ukimuuliza ni saa ngapi, atakwambia ni asubuhi. Ukimuuliza umri wake, atasema yuko kati ya kumi na mia, na kwamba yuko karibu zaidi na mia. Siku moja alitueleza ubaoni kwa nini arobaini na tano iko karibu na mia kuliko kumi. Tulielewa. Hilo ndilo lililotutisha.

Darasani kwake pai ni tatu. Pai mara pai ni tisa, na tisa, kwa maneno yake, ni kumi ambayo haijapata kifungua kinywa. Kumi nayo ndiyo mvutano wa dunia. Kwa hiyo pai mara pai na mvutano wa dunia ni kitu kimoja, mmoja anakaa juu ya mstari na mwingine chini, wanafutana, na hesabu iliyopaswa kujaza ukurasa inaishia kwenye nafasi ya kutoshea kidole. Darasa lilimpenda sana mtu huyu.

"Mwaka una sekunde pai mara milioni kumi," alituambia siku nyingine. "Pai ni tatu. Andikeni milioni thelathini."

Kijiko akanyoosha mkono. Kijiko ni mwenzangu wa kitanda cha juu, na anaitwa hivyo kwa sababu hubeba kijiko chake mfukoni popote aendapo, hata msalani, kwa kuwa mabwenini vijiko huhama.

"Mwalimu, kuna siku zimepotea."

"Zimepotelea wapi?"

"Kwenye mwaka wako. Nimepiga kwa kalkuleta. Siku kumi na nane hazipo."

Takriban alifikiri. "Hizo ni likizo," akasema, akaendelea kuandika.

Kisha kulikuwa na siku aliyotangaza kwamba kasi ya mwanga ni moja.

"Moja nini, Mwalimu?"

"Moja."

"Kilomita? Maili?"

"Moja tu. Msiisumbue."

Lazima niseme ukweli mmoja hapa, kwa kuwa utahitajika. Kabla ya kukata desimali yoyote, Takriban alikuwa na tabia ya kuuliza hesabu hiyo inaenda wapi. Kama ilikuwa ya kujua tu ukubwa wa jambo, alikata bila huruma. Kama kuna mtu angeshika msumeno au sindano ya daktari baada yake, alitoa kalkuleta na kutuamuru tuandike kila kitu. Sehemu hiyo hatukuwa tunaisikiliza. Ndipo tulipokuwa tunafunga madaftari.

Mwalimu wa hisabati ni mtu wa aina nyingine kabisa. Anaitwa Madamu Desimali, na ni dada wa baba yangu, tumbo moja. Nyumbani namwita Shangazi. Shuleni namwita Madamu. Tukikutana kwenye korido, nimeagizwa nisimwite chochote. Huyu ni mwanamke ambaye, siku ya kuzaliwa ya mdogo wangu, alikata keki kwa kipimapembe, na mtoto aliyelalamika kwamba kipande chake ni kidogo alionyeshwa nyuzi.

Mtihani wake wa mwisho alinipa thelathini na moja. Nilimfuata ofisini kujitetea.

"Shangazi..."

"Nani?"

"Madamu. Nilikuwa naona kwamba thelathini na moja, ukiitazama kwa jicho la fizikia, ni takriban hamsini."

"Na barua ninayomwandikia baba yako, kwa jicho la fizikia, ni takriban nini?"

"Ni barua kamili, Madamu."

"Toka." Nilipofika mlangoni alisema, bila kuinua kichwa, "Yule mtu anawaharibu. Lakini si kwa muda mrefu."

Nilijua maana yake. Shule nzima ilijua. Shangazi alikuwa amemwomba Mkuu wa Shule ampe yeye fizikia ya Kidato cha Tatu, pamoja na maabara. Na maabara ile Takriban aliitengeneza mwenyewe kutokana na stoo ya magodoro mabovu. Alipaka chokaa kuta, akafunga mabomba, akatengeneza vipimo vya uzito kwa mikebe iliyojazwa mchanga. Funguo zake alizining'iniza kiunoni, na alipokuwa akitembea zililia, ndiyo maana hakuwahi kutukamata tukifanya lolote.

Sasa nieleze nilivyopata madaraka. Karani wa Mkuu alikwenda likizo ya uzazi, na Mkuu akatafuta mwanafunzi wa kumchapia matangazo. Alinichagua mimi kwa sababu, alivyosema mbele ya gwaride, nina sura ya uaminifu. Sura hiyo nimeirithi kwa babu wa upande wa mama, na haina uhusiano wowote na tabia yangu. Kuanzia siku hiyo nikaitwa Katibu.

Utaratibu ulikuwa hivi. Mwalimu mwenye tangazo aliliweka kwenye trei. Mimi nililichapa kwenye kompyuta ya ofisi na kulirudisha kwenye trei. Mkuu alitia sahihi na muhuri huku akiongea na simu, kisha mimi nikabandika ubaoni. Nilifanya kazi hiyo kwa mwezi mzima na nikagundua jambo la kusikitisha: hakuna anayesoma. Mara moja nilikosea nikaandika kwamba mechi ya mpira itachezwa maktaba. Timu zote mbili zilikwenda uwanjani bila hata kuuliza. Nikahitimisha kwamba ubao wa matangazo ni pambo la ukuta.

Ndiyo maana siku ile nilipoandika tangazo la pai, sikuwa na nia mbaya. Nilitaka Kidato cha Tatu wacheke. Kijiko alisimama mlangoni kuangalia anayekuja, mimi nikachapa, kisha nikaliingiza kwenye trei katikati ya tangazo la vyandarua na tangazo la siku ya wazazi. Mkuu alikuwa kwenye simu akimweleza mtu kuhusu saruji. Alitia sahihi zote tatu na kugonga muhuri mara nne, mmoja ukaangukia meza.

Jumatatu asubuhi nikabandika. Kidato cha Tatu walicheka kama nilivyopanga. Watoto wa Kidato cha Kwanza walinakili kwenye madaftari. Takriban mwenyewe alikuja, akalisoma hadi mwisho kichwa kikiwa kimeinama upande.

"Mita moja," alisema. "Huyo ni tembo." Akaenda zake.

Nilidhani mambo yameishia hapo.

Nyuma ya mabweni, Fundi wa shule alikuwa anamalizia tangi la maji. Fundi ndiye anayechomelea, anayeziba mabomba, anayepaka rangi na anayekamata nyoka. Ukuta wa tangi ulikuwa tayari, duara safi lenye kipenyo cha mita mbili. Kilichobaki kilikuwa mikanda mitatu ya chuma ya kulizungushia ili lisipasuke likijaa. Kwa kawaida Fundi hazungumzi na pai. Huzungusha kamba, huikata, huinyoosha chini, na kazi imekwisha. Lakini muhula uliopita alipaka lango rangi ya kijani bila kusoma tangazo lililosema bluu, na Mkuu akamkaripia mbele ya wanafunzi. Tangu siku hiyo, kila asubuhi, kabla ya kufungua sanduku la vifaa, Fundi hupita ubaoni na kusoma tangazo kwa tangazo. Mimi sikulijua hilo.

Akazidisha mbili kwa tatu. Akakata chuma chote, mikanda yote mitatu, mita sita kila mmoja.

Tulisikia kelele tukiwa kwenye uji wa saa nne. Tulipofika, Fundi na msaidizi wake walikuwa wamelikumbatia tangi na mkanda, kila mmoja upande wake, wanavutana, na ncha za chuma zinaangaliana kwa mbali kama watu waliogombana.

"Fundi, vipi?" mtu akauliza.

"Tangi limenenepa," akasema Fundi.

"Limenenepa lini?"

"Tangu jana. Na mkanda wa pili hivyo hivyo. Na wa tatu."

Shangazi alipenya katikati ya watu, mkononi ana futi kamba ambayo hatujui huwa anaihifadhi wapi. Akapima pengo. "Sentimita ishirini na nane nukta tatu," akasema kwa sauti ya daktari anayetoa majibu.

Takriban alikuwa amesimama mbali kidogo. Alifumba jicho moja. "Rula moja," akasema.

"Pungufu ya rula!"

"Rula fupi."

"Mwalimu, hili si jambo la mchezo. Mtu amezidisha kipenyo kwa tatu!" Akamgeukia Fundi. "Nani amekwambia pai ni tatu?"

"Mkuu," akajibu Fundi.

Mkuu wa Shule alikuwa ndiyo kwanza anafika, anahema. Fundi akamwongoza hadi ubaoni, sisi sote nyuma yao. Mkuu akasoma lile tangazo kwa mara ya kwanza maishani mwake, midomo ikitembea. Alipofika kwenye sahihi yake alirudi juu, akaanza upya, kama mtu aliyekutana na ndugu yake mahali asipomtarajia.

"Nani," akasema mwishowe, "ameandika kitu hiki?"

Shingo zote ziligeuka upande mmoja. Pai ni tatu, mvutano ni kumi, ng'ombe ni mpira. Katika eneo lote la shule ni mtu mmoja tu aliyekuwa akisema maneno hayo kwa mshahara.

"Si mimi," akasema Takriban.

"Katibu!" Mkuu akaniita. "Wewe ndiye uliyechapa. Nani alikupa?"

"Nilikuta kwenye trei, Mkuu."

Ilikuwa kweli. Sikuulizwa nililikuta baada ya nani kuliweka.

Mkuu akafuta jasho. Chuma kingine kisingefika hadi lori la mwezi ujao, na hadi hapo tangi lingebaki kavu na maji tungeyafuata kwenye pampu ya bondeni kwa ndoo. Alisema hayo kwa sauti kubwa ili watu wamchukie mwingine. Kisha akamgeukia Takriban.

"Mwalimu, Ijumaa tutakaa kikao. Ukinionyesha aliyeandika, yamekwisha. Ukishindwa, utakabidhi funguo za maabara kwa Madamu, pamoja na fizikia yote ya Kidato cha Tatu. Saa nne kamili."

"Kamili?" akauliza Takriban, kama mtu anayeambiwa jina la ugonjwa.

Kuanzia siku hiyo tukawa tunabeba maji. Njia ya pampu ni mteremko unapokwenda ukiwa na ndoo tupu, na mlima unaporudi nayo imejaa. Kijiko alikuwa mbele yangu, anachechemea, maji yanamwagika kwenye viatu vyake.

"Katibu wangu," alisema, "mimi sisemi kitu. Nauliza tu. Kwa jicho la fizikia, ndoo hii ni lita ngapi?"

"Nyamaza, Kijiko."

"Nasikia mheshimiwa aliyetoa tangazo alitafakari kwa kina. Kina cha nini? Cha kisima?"

"Wewe ulisimama mlangoni."

"Nilisimama, ndiyo. Ila sikutafakari."

Alhamisi jioni, baada ya michezo, nilitumwa kupeleka ratiba mpya maabara. Mlango ulikuwa wazi. Takriban alikuwa amepanga vifaa vyake vyote juu ya meza na anabandika vikaratasi, kimoja kimoja, kwa gundi. Sikuelewa mwanzoni. Kisha nikasoma kile cha mkebe ambao, kwa muhula mzima, alikuwa akituambia ni kilo moja. Kiliandikwa: "Gramu 987." Cha pili: "Gramu 1,012." Kwenye uzi wa kupimia mvutano aliandika urefu hadi milimita, na chini yake: "Hurefuka kidogo wakati wa joto." Kila kitu kilikuwa na namba yake, na hakuna hata moja iliyokuwa ya kukadiria.

"Mwalimu, ulikuwa unajua hizi zote?"

"Nilizipima mwaka wa kwanza."

"Sasa mbona ulituambia kilo moja?"

"Kwa sababu mlikuwa mnajifunza kwa nini kitu kinaanguka. Kingeanguka vile vile." Akapaka gundi kikaratasi kingine. "Madamu hatakuwa na mtu wa kumuuliza. Anahitaji zote."

Niliweka ratiba mezani nikatoka. Njiani kurudi bwenini nilijisikia vibaya, na si jambo ninalolifanya mara kwa mara, kwa hiyo mwanzoni nilidhani ni maharage. Tulikuwa tumemcheka mtu yule tukidhani hajui mwisho wa namba. Kumbe alikuwa anazijua hadi mwisho, ndipo anaamua wapi pa kusimama. Mimi ndiye niliyechukua tatu yake bila kuuliza inaenda wapi.

Ungedhani hapo nilikwenda kuungama. Hapana. Nililala vizuri.

Ijumaa kikao kikakaa katika ofisi ya walimu. Mkuu kichwani mwa meza. Shangazi kulia kwake, na kalkuleta. Takriban kushoto. Fundi kwenye benchi kama shahidi, kofia magotini. Na kwa kuwa karani bado alikuwa likizo, na kwa kuwa nina sura ya uaminifu, kumbukumbu za kikao niliandika mimi.

"Mwalimu," Mkuu akaanza, "una ushahidi?"

"Sina."

"Una shahidi?"

"Sina."

"Sasa umekuja na nini?"

"Nimekuja na makadirio."

Shangazi alicheka kwa pua. Niliandika: Mwalimu wa fizikia alieleza kwamba amekuja na makadirio.

Takriban akasimama mbele ya ubao mdogo wa zamu, akafuta zamu, akatoa chaki mfukoni. "Shule hii ina wanafunzi mia tatu."

"Mia nne na kumi na mbili," akasema Shangazi.

"Mia tatu." Akaandika. "Wanaojua pai ni kitu gani, mmoja kati ya watatu."

"Mwalimu! Hao ni wanafunzi wangu!"

"Najua, Madamu. Nimekuwa mkarimu." Akaandika mia moja. "Mwenye uwezo wa kuchapa, na anayejua kwamba karatasi ikishaingia kwenye ile trei hutiwa sahihi bila..." akamtazama Mkuu, "bila kucheleweshwa. Mmoja kati ya kumi."

Mkuu akakohoa. "Endelea."

"Wamebaki kumi. Sasa ng'ombe. Madarasa yote huwa nawaambia nusu kipenyo chake ni nusu mita. Kidato cha Tatu peke yao, mwezi uliopita, niliwaambia mita moja, kwa sababu kengele ilikuwa imelia na moja ni rahisi kuzidisha."

"Ng'ombe huyo anakuwa na uzito gani?" akauliza Fundi, ambaye alitaka kujua tu.

"Tani nne."

"Si anapasuka?"

"Ndiyo maana sijamrudia. Mmoja kati ya watatu." Akaandika tatu. "La mwisho ni lugha. 'Ziwe zake au za kuazima.' 'Tangazo hili halina rufaa.' Ni watoto wachache wanaoweza kuandika hivi bila kucheka katikati. Tena mmoja kati ya watatu." Akaandika moja, akarudisha chaki mfukoni.

Nilikuwa naandika yote haya. Mwanzoni niliandika haraka. Kuanzia kwenye ng'ombe, kalamu ilikuwa nzito kama chuma cha tangi.

"Mmoja," akasema Mkuu.

"Takriban."

"Takriban vipi? Huyu ni mtoto, si mchele!"

"Anaweza kuwa watatu. Anaweza kuwa robo."

Shangazi hakuweza kuvumilia. Alikuwa tayari amegonga mia nne na kumi na mbili kwenye kalkuleta, akagawanya kwa alivyogawanya Takriban, akatazama, akagawanya upya. "Moja nukta tano mbili sita," akasema kwa uchungu. "Mwalimu, mimi nitamwita ofisini mzazi wa moja nukta tano mbili sita?"

Takriban akageuka kwa furaha ya kweli. "Hiyo ni bora kuliko yangu, Madamu! Basi kuna aliyechapa, na kuna mwenzake aliyesimama mlangoni kuangalia. Wa mlangoni ni nusu."

Nje ya mlango, kitu cha chuma kilianguka kwenye sakafu, kikalia, kikazunguka, kikatulia. Kilikuwa na sauti ya kijiko.

Mkuu aliangalia mlango, akaangalia ubao. "Jina lake?"

"Hesabu hii haitoi jina."

"Lakini wewe unamjua!"

"Nina ninayemfikiria. Nikikosea, mtoto atafukuzwa shule kwa sababu mimi nilisema mia tatu badala ya mia nne. Kwa jambo hili siwezi kukadiria." Akafungua mkanda, akachomoa funguo za maabara, akaziweka juu ya meza mbele ya Shangazi. "Mzani wa dirishani unavuta upande wa kushoto. Toa gramu mbili kamili."

"Kamili?" akauliza Shangazi.

"Mbili kamili."

Hakuna aliyewahi kumsikia akitumia neno hilo kwa hiari yake. Shangazi hakuzichukua funguo. Alizitazama. Akatazama kalkuleta yake, akatazama ile moja ubaoni, akapita usoni pa Fundi, na macho yake yakafika mwisho wa meza, yakakaa kwangu.

"Katibu," akasema. Kisha, kwa sauti ya nyumbani ambayo ilikuwa mbaya zaidi, "Mtoto wa kaka yangu. Mbona kalamu imesimama?"

Niliangalia kalamu. Ilikuwa imesimama kweli.

"Ni mimi, Shangazi," nikasema.

Hakunikosoa kwamba ni Madamu.

"Wewe?" Mkuu akanyanyuka. "Wewe mwenye... Si ulisema ulilikuta kwenye trei?"

"Nililikuta, Mkuu. Muda mfupi baada ya kuliweka." Baada ya hapo yalitoka yote, hayakutaka kusubiri maswali. "Niliandika mimi, nikachapa mimi, Mwalimu hakujua lolote. Nilichukua maneno yake ya darasani nikayabandika ukutani, na nikamwacha abebe lawama wiki nzima huku nikimwona anabandika vikaratasi. Funguo ni zake. Mkinifukuza, nifukuzeni, ila yeye arudishiwe maabara."

Shangazi aliweka kidole kwenye funguo na kuzisukuma, taratibu, hadi zikafika tena upande wa Takriban. Yeye akazirudisha kiunoni, zikalia kidogo.

"Lakini kwa nini?" Mkuu akauliza. Alikuwa amekaa tena, amechoka. "Mtoto unayeaminiwa! Hukufikiri kwamba mtu atakata chuma?"

"Nilidhani hakuna anayesoma matangazo, Mkuu."

"Mimi nasoma," akasema Fundi.

Wote tulimgeukia. Hakuwa amekasirika. Alikuwa anazungusha kofia yake magotini na kunitazama kwa upole, na upole huo sikuuweza.

"Samahani, Fundi," nikasema. "Sikujua."

"Nasoma yote, mwanangu. Hata lile la kuvua viatu kabla ya kuingia chumba cha jenereta, ili isishtuke. Nimevua mwezi mzima. Sakafu ile ina baridi sana."

Mkuu akageuza shingo polepole kuelekea kwangu. Shangazi akafumba macho.

"Na hilo pia," nikasema.